Stima Ikipotea Katikati ya Jilaal
Mhadhara kwa wakazi wa Habaswein juu ya joto, nyumba na maji



Nimeombwa nizungumzie la kufanya nyumbani AC inapokufa wakati wa joto. Najua kuna waliocheka waliposikia tangazo hilo, maana AC za mji huu zinahesabika: ofisi kadhaa, duka la dawa, lojingi moja mbili, na nyumba za wachache waliojaliwa. Wengine tuna feni, na wapo wasio na hata feni. Lakini stima ikipotea saa nane mchana katikati ya jilaal, kiangazi chetu kikali cha mwanzo wa mwaka, mwenye AC na asiye nayo hukutana chini ya mwarobaini mmoja, na mara nyingi anayehema zaidi ni yule aliyetoka kwenye AC. Ana sababu mbili. Kwanza, mwili hujizoeza joto: ukikaa ndani yake wiki moja au mbili unaanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, na jasho lenyewe linapungua chumvi. Ukihamia kwenye baridi ya mashine, mazoea hayo hupotea baada ya wiki chache. Pili, na hili ndilo lililonileta hapa, nyumba yake ilijengwa kwa kuitegemea mashine. Aliyeijenga hakujali paa, hakujali dirisha liko upande gani, kwa kuwa mashine ingelipa deni. Mashine ikinyamaza, deni linadaiwa lote siku hiyo hiyo.

Tuimalize mashine haraka. AC ndogo ya chumba cha kulala hula stima kama ya feni 15. Ikiwaka bila kupoza, kabla ya kumwita fundi fungua kifuniko utazame kichujio, maana vumbi letu hukiziba hadi hewa haipiti. Jilaal kioshe kila wiki. Kile kisanduku cha nje kipate kivuli, lakini kisibanwe na ukuta wala turubai. Na stima ikiwa hafifu, taa zikififia, izime AC, kwa sababu kuilazimisha ndiko kunakounguza mota yake.

Kuhusu stima yenyewe, kwa miaka mingi Habaswein haikutegemea gridi ya taifa. Tumetumia kituo chetu hapa hapa, jenereta za dizeli zilizoongezewa sola na mitambo ya upepo. Kituo cha namna hiyo kina kiasi chake, na hakiwezi kubeba AC katika kila nyumba. Wapo wanaosema gridi ndiyo dawa. Lakini gridi nayo huanguka: tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Garissa ina mtambo wa sola wa megawati 50 na ushei, uliozinduliwa Desemba 2019, paneli zimetanda hadi macho yachoke. Lakini jua likizama nao unalala, na hiyo ndiyo saa nyumba za mawe zinapoanza kutupika. Sisemi tusidai stima. Tudai. Nasema tusilale tukiingoja.

Sasa tuje kwenye nyumba, na nitakaa hapa kidogo.

Habaswein iko karibu digrii moja kaskazini ya ikweta, mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Ramani nyingi za majengo yanayosimamishwa hapa, nyumba za walimu, za polisi, zahanati, huchorwa na mtu anayevaa sweta mwezi wa Julai. Kwake yeye kuta na madirisha ya vioo ndiyo nyumba. Kwetu nyumba ni paa, kwa kuwa jua linapita utosini. Siku za karibu na 21 Machi, adhuhuri, kivuli chako unakikanyaga. Ukuta wa mashariki unapigwa asubuhi na wa magharibi jioni, wa kaskazini na wa kusini hupata nafuu, lakini paa linapigwa kutwa. Nyumba ikiwa ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, na madirisha yake yakaangalia kaskazini na kusini, umeshapata nusu ya ubaridi bila senti moja. Ikiwa tayari umejenga vinginevyo, kivuli cha baraza, cha chandarua cha gunia au cha mwarobaini kiende magharibi kwanza.

Paa la mabati halipashi hewa ya chumba tu. Linamulika joto moja kwa moja hadi kwa aliye chini yake, kama moto wa kuni unavyokuchoma uso huku mgongo uko baridi. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kusema digrii 36, na wewe kichwa kinawaka kama uko kwenye 45. Watu hudhani bati jipya linalong'aa ni salama kwa sababu linarudisha mwanga. Linarudisha kweli, ila chuma kinachong'aa kina tabia nyingine: joto likishaingia, hakiliachi litoke upesi. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili, hurudisha mwanga na hutoa joto. Mji wa Ahmedabad kule India ulipigwa na wimbi la joto mwaka 2010 likaua watu wengi. Mwaka 2013 ukatunga mpango wake wa kukabiliana na joto, na baadaye ukaanza kupaka nyeupe mapaa ya mitaa ya wanyonge. Hapa kwetu chokaa tupu hubanduka kwenye bati, afadhali rangi nyeupe ya nje. Na rangi hiyo ina adui yake: paa jeupe lililolaliwa na vumbi la miezi mitatu linarudi kuwa paa kama mengine. Lifagiliwe. Anayekinga maji ya mvua aulize dukani kwanza kama rangi hiyo inafaa kwa maji ya kunywa.

Ukishindwa na rangi, weka dari, hata iwe ya mikeka. Acha nafasi ya shibiri mbili kati yake na mabati, kisha toboa matundu kwenye pembetatu za ukuta pande zote mbili ili upepo upite humo juu. Dari iliyofungwa bila matundu nayo huiva, ukalala chini ya tanuri la pili.

Sasa herio, nyumba yetu ya asili ya fito na mikeka. Mtu wa Nairobi akiiona anaona umaskini, na siku hizi hata watoto wetu wanaiona hivyo. Itazameni tena. Mama anaisimamisha mwenyewe kwa saa chache: fito zilizopindwa zikafungwa kwa kamba za magome, kisha mikeka iliyosukwa kwa mkono ikapandishwa tabaka juu ya tabaka. Haina uzito, kwa hiyo haina mahali pa kuweka joto. Jua likizama, muda si muda ndani pamelingana na nje. Mikeka inapumua. Mama akiona upepo unatoka upande fulani anainua mkeka wa chini wa upande huo, mkono mmoja tu kutoka ardhini, na hewa ya moto inatokea juu kwenye nyufa. Tabaka la juu linakula jua, la chini linabaki na kivuli chake. Mkandarasi atakutoza pesa nyingi akujengee paa la tabaka mbili lenye hewa katikati, na nyanya yako alikuwa akilipakia juu ya ngamia.

Kilichoiharibu herio ni turubai. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, na familia nyingi zikaja kando ya miji bila ngamia na bila mikeka. Fito zikafunikwa kwa plastiki na nailoni. Turubai linazuia mvua, ndiyo, lakini halipumui, na mtoto mchanga akilazwa humo adhuhuri anaiva. Mwenye herio ya turubai ainue turubai hilo juu ya miti, dhiraa moja kutoka kwenye fito, liwe kivuli cha juu, na chini yake atumie mikeka, magunia yaliyopasuliwa au leso kuukuu. Ni turubai lile lile, umelipandisha tu.

Nyumba ya mawe ni mambo mengine kabisa. Ukuta mnene hulimeza joto mchana na kulitoa usiku, saa mnapotandika. Kwa hiyo masharti yake ni ya saa. Kabla ya saa tatu asubuhi funga madirisha na mapazia ya upande wa jua, uhifadhi ubaridi wa alfajiri. Baada ya Maghrib, hewa ya nje ikishapoa kuliko ya ndani, fungua kila kitu, milango ya pande mbili ikabiliane. Wengi wetu tunafanya kinyume: adhuhuri tumefungua tukikaribisha upepo wa moto, usiku tumefunga kwa hofu ya wezi. Wavu wa chuma na wavu wa mbu kwenye dirisha ni rahisi kuliko betri za kuendeshea AC. Ama mwenye chumba cha mabati matupu, kuta kwa paa, masharti haya hayamhusu. Asijifungie ndani mchana kwa vyovyote. Atoke chini ya mti, na usiku atarudi, maana bati ni jembamba, likikosa jua hupoa upesi kuliko ukuta wa mawe.

Kulala uani ni desturi yetu na ina hekima. Anga la jilaal halina mawingu, na usiku ardhi hutoa joto lake moja kwa moja kwenda juu. Kitanda kiwe na miguu kwa ajili ya nge, chandarua kwa ajili ya mbu, na uzio wa kusitiri kina mama.

Kuhusu maji, joto la jilaal lina udhaifu mmoja ambao Mombasa wangeutamani: ni kavu. Kule pwani jasho linakuganda mwilini kwa sababu hewa imeshashiba maji. Hapa shuka lililofuliwa linakauka kabla hujamaliza kikombe cha chai. Lita moja ya maji ikikauka huchukua joto la kilojuli 2,400 hivi, kiasi ambacho AC ndogo huondoa chumbani kwa robo saa. Fanyeni hesabu: lita nne kwa saa ni AC nzima, na mtungi wa lita 20 ni alasiri yote.

Lakini mtungi huo katika jilaal una wenyewe, kuna chai, kuna watoto, kuna mbuzi. Tumekaa juu ya maji ya Merti, hazina kubwa iliyoko chini ya ardhi yetu, na bado kuna vijiji vinavyongoja lori la maji. Kwa hiyo rai yangu ni hii: usilowanishe chumba, lowanisha mtu. Chumba kinataka mtungi. Mtu anatosheka na kikombe. Leso iliyotiwa maji na kukamuliwa, ikatupwa shingoni na mabegani, miguu ndani ya karai, basi. Mtoto asiyelala, mpanguse kwa kitambaa chepesi umwache bila kumfunika. Maji ya kutawadha yakikingwa kwenye beseni yanatosha kulowanisha gunia la dirishani mara kadhaa kwa siku. Gunia hilo liwe upande unaotoka upepo, na upande wa pili uwe wazi, vinginevyo unyevu unabaki ndani na umejitengenezea Mombasa yako. Maji ya kunywa, mtungi uvalishwe gunia bichi na kutundikwa kivulini penye upepo. Madereva wa malori ya Mandera hawahitaji mhadhara juu ya hilo.

Hapa naomba mwenye feni anisikilize. Feni haipozi hewa, inaisukuma tu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwaketisha watu katika chumba cha digrii 40 chenye unyevu, feni ikawasaidia. Wakawaketisha katika digrii 47 na hewa kavu, feni ikawaongezea mzigo, kwa kuwa ilikuwa inawapulizia joto kuliko jasho lilivyoweza kuliondoa. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri feni isitumike joto likipita digrii 40. Basi chumba chako cha mabati saa tisa alasiri, ngozi kavu, feni kwenye namba ya mwisho, ni sawa na kujikausha. Lowanisha ngozi kwanza ndipo uiwashe. Zile feni ndogo za sola zinazouzwa na taa zake zinatosha kabisa kwa kazi hii.

Mtu aliniuliza mlangoni kuhusu buibui jeusi. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya majoho ya Mabedui wa jangwani: joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, joho liwe jeusi au jeupe, kwa sababu vazi pana huchukua joto lake la ziada na kulipeleka nje na hewa inayopita ndani ya nguo. Upana ndio ulioleta nafuu. Dirac inafaa, kikoi kinafaa, kanzu inafaa. Jinzi ya kubana haifai, iwe rangi yoyote. Na kwa kuwa tumefika kwenye elimu ya jangwa, ngamia aliyekosa maji huacha mwili wake upande kutoka digrii 34 alfajiri hadi 40 na zaidi jioni, kisha usiku akautoa mzigo huo bila kupoteza jasho. Knut Schmidt-Nielsen aliyapima hayo Sahara miaka ya 1950. Wachungaji wetu wangemwongezea kwamba ngamia aliyelala juani hulielekezea jua uso, si ubavu, apigwe kidogo. Sisi hatuwezi kupandisha mwili hadi 40. Tukifika hapo tumeugua.

Chakula nipite haraka: friji ikizimika usiifungue ovyo, na nyama ikaangwe iwe nyirinyiri siku hiyo hiyo.

Lakini dawa ni suala zito, hasa insulini. Tumewaona wazee wa kisukari wakitupa chupa kwa sababu stima imelala siku mbili, na wengine wakiacha kujidunga kabisa kwa kuwa hawana friji. Jibu la hofu hiyo lilitafutwa jirani yetu, kambi ya Dagahaley, Dadaab. Madaktari wasio na mipaka, MSF, walipima joto halisi katika nyumba za wagonjwa wakaona linapanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini katika hali hiyo hiyo kwa wiki nne, joto likipanda mchana na kushuka usiku. Matokeo yalitoka mwaka 2021: nguvu ya dawa haikutofautiana na ya iliyokaa baridini. Akiba ambayo haijafunguliwa inahitaji friji, kati ya digrii 2 na 8, kwa hiyo iachwe hospitalini kama inawezekana. Lakini chupa unayoitumia haiharibiki kwa sababu stima imepotea Jumanne. Iweke ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa nje, mahali penye kivuli na upepo, dawa yenyewe ikiwa imefungwa isiguse maji. Usiiache kwenye gari. Usiigandishe, maana barafu huiua haraka kuliko joto. Na usibadilishe kipimo bila daktari wako.

Sasa nataka kuzungumzia walio peke yao. Julai 1995 joto liliua zaidi ya watu 700 mjini Chicago. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alipochunguza vifo hivyo aliwakuta wazee wengi waliokuwa wakiishi peke yao, madirisha yamefungwa, bila mtu wa kuwabishia mlango. Ufaransa ilipoteza karibu watu 15,000 Agosti 2003, wengi wao wazee. Tumezoea kusema kwetu hayo hayatokei, na zamani ilikuwa kweli; ndani ya herio ayeyo, yaani nyanya, hakuweza kuugua bila mjukuu kujua. Lakini leo kijana yuko Minnesota au Nairobi, anamjengea mama yake nyumba ya mawe yenye geti na AC, mama anabaki ndani na msichana wa kazi. Stima ikipotea, geti linabaki limefungwa. Nawaomba majirani wa nyumba hizo wabishe hodi kabla ya Asr. Na wewe wa Minnesota, ukipiga simu usimuulize mama kama yuko sawa, atasema alhamdulillahi. Muulize amekojoa lini, na mkojo una rangi gani. Ndiyo, ni aibu. Uliza.

Anayeumwa kichwa, aliyelegea, mwenye kichefuchefu na jasho jingi, huyo apelekwe kivulini, alegezwe nguo, anyweshwe maji ya ORS kidogo kidogo. Anayeongea yasiyoeleweka, anayeyumba au aliyezimia na mwili unawaka, huyo joto limemfika kwenye ubongo. Mmwagieni maji mwili mzima na mumpepee hapo hapo alipo, bila kungoja gari, na muendelee njiani hadi hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Kuhusu wanaofunga, Ramadhani za miaka hii zimekuwa zikiangukia Februari na Machi, kiini cha jilaal. Mchimba kisima, mpiga matofali na mchungaji wagawe maji yao kati ya futari na daku, wasiyanywe yote kwa pupa wakati wa adhana, na kazi nzito iishe kabla ya saa nne asubuhi. Mgonjwa ana ruhusa yake ya kutofunga, na masheikh waliopo hapa watalieleza hilo vizuri kuliko mimi.

Nimalizie na shule. Sudan Kusini ilifunga shule zote Machi 2024 joto likikaribia digrii 45, na Februari 2025 ikafunga tena baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Muhula wetu wa kwanza karibu wote uko ndani ya jilaal, na madarasa yetu ni mabati bila dari, watoto hamsini chini yake. Masomo mazito yanaweza kuanza mara tu kunapopambazuka, na alasiri ikawa ya kusoma chini ya mti. Na madarasa mapya yanayojengwa kwa pesa za umma yanaweza kuandikiwa dari na rangi nyeupe tangu mwanzo, kabla mkandarasi hajatia saini. Mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati mwenye karatasi za mradi wa darasa jipya, nitakuwa hapa hadi Isha. Aje nazo tutazame paa limeandikwaje.